Kurekodi sauti ya kunong'ona kama Sophie Zelmani kwenye chumba cha mabati: tatizo ni maiki au chumba?

Njiapanda_Uyole

Habari za humu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua kurekodi muziki wa taratibu, gitaa na sauti tu, bila biti.

Mfano ninaoufuata ni Sophie Zelmani wa Sweden, hasa albamu yake ya kwanza ya 1995 yenye jina lake mwenyewe, na Precious Burden ya 1998. Anaimba chini kabisa, karibu kunong'ona, lakini ukivaa hedifoni unaona kama amekaa ubavuni pako. Nyimbo zangu ni za Kiswahili na zinataka sauti ya namna hiyo. Nikirekodi, sauti inatoka ikiwa mbali, kama mtu anaimba koridoni, na nyuma kuna "shhhh" isiyoisha. Nikipandisha sauti kwenye kompyuta, shhhh nayo inapanda.

Vifaa: gitaa la nyuzi za nailoni, maiki ya kondensa (aina ya studio, inayosikia hata sauti ndogo) ya bei ya chini, saundi kadi ya nje yenye njia mbili, laptopu yenye Reaper (programu ya kurekodi). Chumba ni mita 3 kwa 3, tofali za bloku zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, mabati bila dari. Maiki iko katikati ya chumba, kama sm 60 kutoka mdomoni, kwa sababu nataka hiyo hiyo ichukue na gitaa. Ukuta mmoja umebandikwa trei za mayai.

Je, nibadilishe maiki? Na kwa kujilinganisha, nisikilize rekodi zipi zaidi ya hizo?

---

Fundi_Kihesa

Usinunue maiki bado. Ugonjwa wako uko kwenye hizo sm 60.

Kila unapopunguza umbali wa mdomo na maiki kwa nusu, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja inaongezeka desibeli 6, wakati mwangwi wa chumba na kelele za nje vinabaki palepale. Kutoka sm 60 hadi sm 15 umekata nusu mara mbili, kwa hiyo umepata desibeli 12 bila kutoa hata shilingi. Sasa shusha geini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) ya saundi kadi kwa kiasi hicho hicho: sauti yako inabaki pale ilipokuwa, shhhh na mwangwi vinashuka. Anayeimba kwa kifua kipana anaweza kusimama mbali na bado akasikika vizuri. Anayenong'ona hana nafasi hiyo, maana geini anayoihitaji inaamsha kila kitu kilichomo chumbani, pamoja na kelele ya maiki yenyewe.

Huo ukaribu unaousikia kwa Zelmani unaanzia hapo, na siyo kwenye programu. Maiki nyingi za kondensa ni kadioidi, yaani zinasikia zaidi upande wa mbele, na kadioidi ikiwa karibu na mdomo inaongeza besi ya sauti. Ndiyo maana sauti nyembamba inaonekana ina mwili na joto. Ila kuna mpaka. Ukifika sm 5 sauti inakuwa nzito kama ya mtangazaji wa usiku, na kila "p" na "b" inapiga kishindo. Cheza kati ya sm 12 na 18, na ukishachagua usiyumbe, kwa sababu umbali huo mdogo ukisogeza kichwa hata kidogo rangi ya sauti inabadilika katikati ya mstari. Kiti kisichozunguka kinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kichujio cha pumzi kiwe sm 8 hivi mbele ya maiki. Soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya, tabaka mbili, inafanya kazi ile ile ya cha dukani. Maiki iweke usawa wa pua ikitazama chini kuelekea pembe ya mdomo, ili pumzi ipite chini yake. Hapo "s" na "sh" zinapungua makali, na Kiswahili kina nyingi.

Kuhusu chumba. Trei za mayai zing'oe, zitakudanganya tu. Ni nyembamba mno. Zinapunguza kidogo sauti za juu na kuacha uvumi wote wa chini, kwa hiyo chumba kinazidi kusikika kama pipa. Na hazizuii kelele ya nje hata kidogo.

Pale katikati ya chumba pia pahame. Chumba cha mita 3 kinavuma kwenye 57 Hz (mitetemo 57 kwa sekunde) na 114 Hz, na kwa kuwa kuta zako zote zina urefu mmoja, uvumi huo unajirundika. Hiyo 57 haina neno, maana uzi mzito wa gitaa uko 82 Hz. Lakini 114 ni jirani kabisa wa uzi wa tano, A, ambao ni 110 Hz. Bila shaka kila ukigusa A gitaa linanguruma kuliko nyuzi nyingine. Katikati ya chumba ndipo 114 inapovuma kwa nguvu zaidi. Sm 75 kutoka ukutani ndipo inapofifia. Weka maiki sm 75 kutoka kuta mbili zinazokutana, kisha usogeze sm 10 huku na kule ukipiga A hadi ilingane na nyuzi nyingine.

Mablanketi mazito mawili yaliyokunjwa, au godoro lililosimamishwa, viwe nyuma ya mgongo wako. Wengi wanayaweka nyuma ya maiki. Maiki ya kadioidi inatazama upande wako, kwa hiyo inasikia wewe na ukuta ulioko nyuma yako. Blanketi liachane na ukuta sm 10. Likigusana na ukuta linafanya kazi nusu. Kitenge au pazia jepesi usihangaike nalo. Sakafuni tandika mkeka na juu yake blanketi, eneo lote kati yako na stendi.

---

Mlima_Nyoka

Mkuu wa Kihesa kamaliza upande wa umbali. Naongeza kelele, maana Uyole ya Mbeya si Kihesa ya Iringa. Pale njia ya Tunduma na ya Tukuyu zinaachana, na malori yanabadili gia usiku kucha.

Sehemu kubwa ya mngurumo mzito wa lori iko chini ya 80 Hz. Sauti yako haina kitu huko chini. Weka kichujio cha kukata besi kwenye 80 Hz, na kama sauti ni ya kike au nyembamba panda hadi 100. Maiki ikiwa na swichi ya kukata besi, tumia hiyo kabla ya kurekodi. Lakini mngurumo mwingine hauji kwa hewa, unapanda kwenye sakafu hadi kwenye stendi. Stendi ikae juu ya sponji la godoro lenye unene wa sm 5 au zaidi. Kata ya gitaa uifanye chini zaidi, 60 hadi 70 Hz, ili usile uzi wa sita.

Mabati bila dari yana tabia mbili. Mvua kila mtu anaijua. Kuanzia Novemba hadi Mei panga ratiba kwa kuangalia mawingu, na aliyeko Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, ajenge dari au asubiri kipupwe. Tabia ya pili ni ule mlio wa "tik, tik". Jua likipiga asubuhi bati linatanuka, jioni likipoa linasinyaa, na misumari inalia. Kwenye muziki wa biti hutausikia. Kwenye wimbo wa kunong'ona utaukuta katikati ya neno, na hakuna programu inayoutoa vizuri. Saa salama ni kuanzia saa tano usiku hivi hadi kabla jua halijachomoza, bati likiwa limeshapoa kabisa.

Kama kuna "nnnn" ya chini isiyoyumba, hiyo ni umeme, 50 Hz na wenzake 100 na 150. Chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Ikikatika, ujue chaja au soketi haina ethi nzuri. Zima na friji, na taa ya LED ya bei rahisi inayovuma.

Jambo moja lisilo la muziki. Usiku wa Juni na Julai huku ni baridi, na mtu anayerekodi anafunga madirisha na kuziba chini ya mlango kwa blanketi. USIINGIZE JIKO LA MKAA kwenye chumba hicho. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua kimya kimya. Vidole vikiganda, loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, kausha vizuri, piga.

---

Nyuzi_Sita_Njombe

Nakuja kwenye swali la pili, na hapa natofautiana kidogo na muuliza swali.

Zelmani ni kipimo kizuri cha sauti ya kuimba, siyo cha gitaa na sauti peke yake. Albamu ile ya 1995 ina bendi. Prodyuza wake, Lars Halapi, ambaye naye ni mpiga gitaa, ndiye aliyejenga vyombo kuizunguka ile sauti ndogo, na ameendelea naye albamu nyingi baadaye. Sikiliza anavyofanya: kila chombo kinaiachia sauti nafasi. Gitaa linajibu mstari ukiisha, halijazi kila pengo. Ukijilinganisha na rekodi ile ukiwa na gitaa moja tu, utadhani miksi yako ni tupu, na utaanza kuijaza mwangwi wa bandia. Kosa la kawaida hilo.

Kwa gitaa la nailoni na sauti, kipimo ni José González wa Gothenburg. Albamu yake Veneer ilitoka Sweden 2003 na nchi nyingine 2005. Ni kama nusu saa nzima ya gitaa moja na mtu mmoja, na vitu vichache vya pembeni. Sauti haina mwangwi mrefu, gitaa limekaa karibu kama sauti, na vidole vinasikika vikigusa nyuzi. Vestiges & Claws ya 2015 aliitengeneza mwenyewe pia, na ina makofi na sauti za kuitikia zaidi. Zisikilize zote mbili mfululizo, utajua ni kiasi gani cha nyongeza wimbo wa namna hii unaweza kubeba.

Anna Ternheim, naye mwimbaji wa Sweden, ndiye atakayekufundisha haraka zaidi. Albamu yake Separation Road ya 2006 ilikuwa na toleo lenye diski ya pili ya nyimbo zile zile zikiwa zimevuliwa vyombo. Chukua wimbo mmoja, sikiliza umevaa, sikiliza umevuliwa. Angalia mahali ambapo ngoma zinatoka na mpigo unabebwa na nini.

Kuhusu gitaa: wengi wanaojaribu mtindo wa González kwa kutuni nyuzi kawaida (E A D G B E) wanashindwa na hawajui kwa nini. Nyimbo zake kadhaa zinataka nyuzi zilegezwe: wa sita toka E hadi D, wa tatu toka G hadi F#, nyingine ziachwe. Unapata D A D F# B E. Kidole gumba kinapokezana nyuzi za chini bila kusimama, na zile zilizo wazi zinaendelea kulia wakati vidole vingine vinatembea juu. Huo mlio unaoendelea ndio unaofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Kapo (kibanio cha nyuzi zote) kwenye feti ya 2 (kigawanyo cha pili cha shingo) inarudisha ukali kidogo kama sauti yako ni ya juu.

Uzi ukiulegeza unateleza kwa dakika kadhaa. Ushushe chini ya noti unayoitaka kisha uupandishe hadi ifike. Ukishuka juu kuja chini, kigingi kinabaki na ulegevu na katikati ya wimbo uzi unashuka tena. Nailoni mpya zinachukua siku kadhaa kutulia, kwa hiyo usibadilishe nyuzi usiku wa kurekodi. Gitaa likitoka kwenye baridi liache chumbani nusu saa nje ya mfuko kwanza.

Na tafadhali, asikudanganye mtu ufunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni ili "litoe mlio". Seti ya chuma inavuta kilo 70 hivi, ya nailoni 40 hivi. Daraja litang'oka au ubao wa juu utavimba, na fundi wa kulirudisha utamtafuta hadi Dar.

---

Njiapanda_Uyole

Asanteni sana wakuu. Maiki ikiwa sm 15 kutoka mdomoni, gitaa linakuwa limeachwa chini. Nirekodi gitaa kwanza halafu sauti juu yake, au nitafute maiki ya pili nirekodi vyote kwa pamoja? Jirani anauza SM58 (maiki ya jukwaani).

---

Fundi_Kihesa

Ukitenganisha, kila kitu kinakuwa safi na rahisi kurekebisha, lakini unapoteza ule mvuto wa mwimbaji kuchelewesha neno na gitaa likamsubiri. Kwa nyimbo hizi mvuto huo una thamani. Ushauri wangu: jaribu kwa pamoja kwanza, ukishindwa tenganisha. Na ukitenganisha usitumie mlio wa kuhesabu mapigo kama wimbo unapumua. Rekodi gitaa huku ukiimba kimoyomoyo.

Maiki mbili zina mtego wake. Sauti yako inafika kwenye maiki ya mdomo kwanza, kisha inafika kwenye maiki ya gitaa ikiwa imechelewa. Tofauti ya sm 50 ni kama milisekunde 1.5. Ukichanganya mbili hizo, eneo la karibu 340 Hz linajifuta, na hapo ndipo mwili wa sauti ulipo. Matokeo yake ni sauti bapa, kama inatoka kwenye bomba. Kanuni ya studio inasema maiki ziachane mara tatu ya umbali wa kila moja na chombo chake, ila kwa mtu anayeimba huku amepakata gitaa nafasi hiyo haipo.

Kwa hiyo tumia migongo ya maiki. Kadioidi haisikii vizuri kilichoko nyuma yake. Ya mdomo ielekee juu kidogo kutokea usawa wa kidevu, mgongo wake ukiliangalia gitaa. Hapa unapoteza ile nafuu ya pumzi niliyosema mwanzo, kwa hiyo kichujio kiwe tabaka mbili kweli. Ya gitaa ielekee chini, sm 20 hadi 25 kutoka feti ya 12, pale shingo inapokutana na mwili, mgongo wake ukiangalia uso wako. Usiielekeze kwenye tundu, utapata "buuum" tupu. Rekodi mistari miwili, kisha kwenye Reaper geuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya njia moja. Upande ambao sauti inakuwa nene zaidi ndio uubakize.

SM58 nunua kwa ajili ya jukwaani. Kwa kunong'ona itakutesa: inatoa umeme kidogo, milivolti 1.85 kwa paskali (kipimo cha mgandamizo wa sauti), wakati kondensa kama Rode NT1-A inatoa 25. Hiyo ni tofauti ya desibeli 22 hivi, na saundi kadi ya bei ya chini ikisukumwa kiasi hicho inaanza kutoa shhhh yake yenyewe. Ukipata hela ya maiki baadaye, angalia namba ya kelele ya ndani kwenye karatasi yake. NT1-A ni 5 dBA (desibeli za kelele; ndogo ndiyo bora). Maiki nyingi za bei ya chini zinazidi 15.

---

Nyuzi_Sita_Njombe

Napinga kidogo. Kama hela ya maiki ya pili haipo, moja inatosha: isogeze hadi sm 35 hivi, usawa wa kifua, ikitazama katikati ya kidevu na tundu la gitaa, na uimbe ukiwa umeinama kidogo. Hakuna fezi ya kuhangaikia. Mizani ya sauti na gitaa unaiweka kwa kuinua au kushusha stendi sm 5, siyo kwa programu. Chumba kitasikika zaidi, kwa hiyo yale mablanketi yawe ya kweli.

---

Fundi_Kihesa

Sm 35 kwa anayenong'ona inawezekana saa nane usiku tu, na si pale njiapanda. Lakini ajaribu, haina gharama.

---

Miksi_Soweto

Nimesoma wote, niongeze upande wa kumiksi maana ndiko watu wanakoharibu rekodi nzuri.

Rekodi kwa biti 24 (ubora wa kidijitali, siyo biti ya ngoma), 48 kHz. Vilele vya sauti viguse desibeli −12 kwenye mita, visipite hapo. Ukiwa na biti 24 huna sababu ya kujaza mita. Kabla ya kuimba rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya; utazihitaji kuziba mapengo ukikata kitu.

Kompresa (kifaa cha kukandamiza sauti inapopanda): 2:1 au 3:1, shambulio (muda wa kuanza kukandamiza) milisekunde 15, kuachia 100, ikandamize desibeli 3 hadi 5 pale unapoimba kwa nguvu. Zaidi ya hapo inainua pumzi na chumba kila ukinyamaza. Geti (inayozima njia sauti ikiwa ndogo) usiweke kabisa. Inakata mkia wa maneno, na msikilizaji anasikia chumba kikiwaka na kuzima. Pumzi usizifute, zishushe desibeli 6 kwa mkono. Ukizifuta mwimbaji anakuwa mashine.

Kwa Kiswahili kuna kazi moja ya ziada. Maneno yetu yanaishia na irabu, na anayeimba chini huziachia irabu za mwisho zizame. Pita mstari kwa mstari, inua silabi ya mwisho desibeli 2 au 3 pale inapopotea. Kazi ya kuchosha, ila hakuna njia ya mkato. Kompresa haiwezi kuifanya bila kuharibu mengine.

Mwangwi: mfupi, sekunde 1 hadi 1.2, ucheleweshwe milisekunde 30 kabla ya kuanza ili sauti ibaki mbele yake. Ukiusikia waziwazi umezidi. Shusha hadi usiusikie, kisha pandisha kidogo.

Unapojilinganisha na Veneer au Zelmani, shusha rekodi yao hadi ilingane na yako kwa sikio, mara nyingi desibeli 6 au zaidi. Usipofanya hivyo, yao itaonekana bora kwa sababu tu inapiga juu. Na usikimbize ukubwa wa sauti mwishoni: Spotify na YouTube zinashusha nyimbo hadi karibu −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti wa wimbo mzima), kwa hiyo ukibana sana unapoteza pumzi ya wimbo na hupati chochote.

Ukimaliza weka hapa sekunde 40 tusikilize. Ukituma kwa WhatsApp tuma WAV (faili la sauti lisilobanwa) kama dokumenti, siyo kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti unabanwa hadi hatutajua shhhh ni ya maiki yako au ya WhatsApp.